Mwalimu wa Mkono Juu

Watu wa Bariadi wakimtaja siku hizi wanaanza na neno hasira. Wanasema yule mama ana hasira, kisha wanatingisha kichwa kana kwamba wanazungumzia mguu mbovu. Neno hilo linaniudhi. Wangeishi naye jirani kama nilivyoishi mimi, wakaona anavyokasirika, anamkasirikia nani na kwa sababu gani, wangeuonea aibu utulivu wao. Yapo mambo katika mkoa huu wa Simiyu ambayo mtu akiyaona akabaki mpole, huyo ndiye wa kupelekwa hospitali.

Tulimwita Mwalimu tu, na hapa nitamwita hivyo hivyo. Kwao ni wapi na baba yake nani, hayo waachiwe wanaosoma wasifu wa marehemu makaburini. Yeye yu hai, na akisikia nimeanza na ukoo wake ataniuliza kama nimekuja kuposa.

Nilimjua kwanza shuleni. Alikuwa mwalimu wa michezo wa shule yetu ya msingi, enzi ambazo mchakamchaka ulihesabiwa kuwa somo kama hesabu na Kiswahili. Walimu wengine walikimbia mbele ya wanafunzi ili waonekane. Yeye alikimbia nyuma ili aone nani anatembea. Sauti yake ilivuka uwanja ikafika kwenye mashamba ya pamba ng'ambo ya pili, na watu waliokuwa wanapalilia huko walinyoosha migongo bila mtu kuwaambia.

Soko la pamba lilipofunguliwa, kila mwenye lori na mizani akawa mnunuzi. Mmoja wao alikuja kufunga mizani yake ya kuning'iniza kwenye boriti ya ghala karibu na shule. Wakulima walileta magunia waliyoyapima nyumbani kwa macho na kwa mabega ya miaka mingi, wakashangaa pamba yao imekuwa nyepesi ghafla, kana kwamba soko huria limeingia hadi ndani ya nyuzi. Walinung'unika chini chini. Mwalimu alikuwa na magunia yake pale. Hakunung'unika. Alilivua gunia kwenye ndoana, akaishika ndoana yenyewe kwa mikono miwili, akakunja magoti, akaning'inia.

"Someni!" alipaza sauti. "Someni mshale! Mwalimu wenu ana uzito wa mtoto wa darasa la tatu!"

Watu walicheka hadi wakakaa chini. Mnunuzi naye alicheka, akafungua mizani yake, akaipakia kwenye lori, akaenda kuifunga kijiji cha pili. Hakuna aliyemzuia. Kwa miaka mingi watu walimkumbusha Mwalimu kisa kile kama kichekesho, na kila mara alikunja uso. "Mnacheka nini?" alikuwa anasema. "Alikwenda kuwaibia wengine."

Titi lake la kushoto liliondolewa hospitalini Mwanza alipokuwa ameshastaafu. Mambo ya chumba cha upasuaji hakupenda kuyasimulia. Alichosimulia ni mume wake. Mzee yule ni mtu mpole, wa kuongea kama anaomba ruhusa. Mke wake aliporudi na bandeji kifuani, mzee alihamia chumba cha nje, akasema ana kikohozi na hataki kumwambukiza mgonjwa.

"Nilikuwa namsikiliza kupitia ukuta," Mwalimu aliniambia. "Hakukohoa hata mara moja. Ningefurahi kama angekohoa."

Sidhani kama alimsamehe. Lakini baadaye Mwalimu alipoanza kutufundisha mazoezi kwa simu ya video, sisi wanawake tuliokatwa kama yeye, mzee huyo huyo ndiye aliyemshikia simu. Alisimama uani, simu mkononi, uso umefichwa nyuma yake, na Mwalimu alimwamuru mbele yetu sote: "Shika hapo. Juu kidogo. Usitikisike." Hakuwa anatikisika. Siku nyingine tulimsikia akikohoa kweli, na Mwalimu alikatiza mazoezi akaenda kumletea maji, huku akigomba.

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda karibu na soko la Bariadi. Saratani ile ile ya titi ilinipata baada yake. Niliporudi kutoka Mwanza nimeshakatwa, nilikuwa naukumbatia mkono wangu wa kulia kifuani kama kifaranga. Ndugu walikuja na uji, wakakaa kwenye mkeka, wakasema pole mayu, pole mama, usinyanyue kitu, tulia hivyo hivyo. Nilitulia. Bega likakauka kama ngozi iliyosahaulika juani. Sindano nikawa siwezi kuishika, na fundi asiyeshika sindano ni nani?

Mwalimu aliingia mlangoni bila hodi. Hakusema pole. Alinitazama, akautazama mkono.

"Huo mkono unaufuga?"

"Mwalimu, unauma."

"Nimeuliza kama unaufuga. Utauza? Utatolea mahari?"

Mama yangu mdogo aliyekuwa ananiuguza alikasirika, akamwambia mgonjwa hasemeshwi hivyo. Mwalimu akamgeukia. "Mayu, daktari wake amemruhusu kuanza mazoezi. Nimemuuliza mwenyewe, karatasi anayo. Ninyi mmemkataza kwa ruhusa ya nani?" Kisha akanisimamisha mbele ya ukuta, akaniambia nitembeze vidole kupanda juu, polepole, kama mjusi aliyeshiba. Nilifika usawa wa kidevu, nikalia. Akaniambia nilie huku vidole vimebaki pale pale. "Uchungu wa kuvutika ukubali," alisema. "Uchungu wa kuchoma, simama, niambie. Usininyamazie na usinidanganye." Hiyo ndiyo ilikuwa dini yake yote ya mazoezi, na hajawahi kuibadilisha.

Mazoezi yenyewe alifundishwa na dada mmoja mtaalamu wa viungo huko Mwanza: kutembeza vidole ukutani, kunyanyua mti wa ufagio kwa mikono miwili, kuzungusha mabega, kukamua mpira wa matambara, kuvuta pumzi hadi kovu lisikie. Dada yule alimwambia ayafanye kila siku, maana tezi za kwapani zikishaondolewa mkono unaweza kuvimba. Akamwambia pia awe anarudi Mwanza kuangaliwa. Mwalimu alirudi nyumbani, akaanza kuwafikiria wanawake aliolala nao wodini. Mmoja anatoka Zagayu, mwingine Binza kule Maswa, mwingine ndani kabisa ya Meatu ambako basi likipita ni habari. Hao nani atawasimamisha ukutani?

Ndipo akanunua simu janja, yeye aliyekuwa anaviita vitu hivyo vioo vya wavivu. Aliongea nayo kwa kelele, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Alianzisha kundi, akatuingiza, na kila asubuhi ng'ombe wakishatolewa zizini alitupigia simu ya video. Sura zetu zilijipanga kwenye kioo, ndogondogo, nyingine nusu, nyingine paji la uso tu. Dada wa Mwanza aliingia akipata nafasi, akatusahihisha. Siku nyingine zote tulikuwa mikononi mwa Mwalimu.

"Mkono juu! Nimesema juu, si begani. Wewe wa Binza, unasalimia nani?"

Wa Binza alikuwa Kabula, mwenye duka dogo, ambaye alifanya mazoezi huku anauza sukari. Wa Zagayu alikuwa Minza.

Minza alikuwa mdogo kuliko sisi wote, watoto wake bado wanamshika sketi. Mtandao nyumbani kwake haukuwapo, ila juu ya kichuguu nyuma ya zizi. Alipanda pale na mti wake wa ufagio, mbuzi wakipita chini yake, upepo ukivuma kwenye simu, na tulimwona akinyanyua mikono mbinguni kama mtu anayefukuza ndege shambani. Tulimpenda. Mwalimu alimpenda kuliko sote, maana yake ni kwamba alimgombeza kuliko sote.

Siku moja tuliona mkono wa Minza umenenepa. Mwalimu akamuuliza anafanya nini na mkono huo. Minza akasema anachota maji.

"Si umeambiwa usibebe ndoo kwa mkono huo?"

"Nimeambiwa, Mwalimu. Nani atabeba?"

Ushauri wote tuliopewa ulikuwa na mtu mwingine ndani yake, mtu wa kubeba ndoo, wa kusonga ugali, wa kuvuna pamba. Mtu huyo nyumbani kwa Minza hakuwapo. Mwalimu akasema aitwe mume wake. Kijana akapanda kichuguu, akaonekana kidevu.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Maji mnachota wapi?"

"Kule mtoni, Mwalimu."

"Una mikono?"

"Ninayo."

"Mizima?"

"Mizima, Mwalimu."

"Una baiskeli?"

"Ipo."

"Nimekuuliza hayo mbele ya wanawake wote hawa ili wote wawe wamesikia." Basi. Kuanzia hapo madumu ya maji yakawa yanakwenda mtoni kwa baiskeli. Mzee mmoja wa kanisa alipomwambia Mwalimu kwamba si adabu wanawake kurusharusha mikono kwenye simu, alimjibu papo hapo, "Wakirusha na jembe ni adabu?"

Lakini msimfanye malaika. Alitukataza kujificha, na yeye mwenyewe alivaa sweta jua la Oktoba likiwaka, asionekane upande ulio bapa. Nilimshonea sidiria yenye mfuko, nikaijaza pamba, pamba safi ya kwetu. Alirudi nayo kesho yake, akaitupa juu ya cherehani. Pamba ni nyepesi, alisema, inapanda hadi shingoni, kanisani amekaa titi moja linamsikiliza mchungaji na jingine linatazama dari. Nikamtengenezea nyingine ya mchele. Akaivaa mwaka mzima, na hakusema asante. Alisema tu, "Usimwambie mtu nimebeba ubwabwa." Pia alikuwa na ubaya mmoja wa walimu wengi. Mtu ambaye yeye alimfundisha alibaki kwake kuwa mtoto, na mtoto wake hawezi kuwa mbaya.

Hapo ndipo mlango ulipofunguka.

Alikuja mwanamume mmoja, amevaa suti na viatu vya kung'aa, anajiita mshauri wa afya. Alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, bingwa wa kughani ngonjera mbele ya wageni. Alimpigia Mwalimu goti. Alisema amesikia habari za kundi letu, ameguswa, anataka kutununulia bando sote ili pasiwe na mama anayekosa mazoezi kwa kukosa salio. Yeye hataki kitu, ila dakika chache tu mwisho wa mazoezi azungumze juu ya lishe.

Kabula aliuliza kwenye kundi, "Mwalimu, huyu anauza nini?"

Mwalimu akajibu kwa sauti ya ukali, "Huyu nimemfundisha mimi."

Tulifurahia bando. Nani asingefurahi? Baada ya mazoezi sura yake nyororo ilitokea kwenye kioo, akatuita mama zangu mashujaa. Alionyesha makopo ya unga wa kijani. Hakuwahi kusema acheni hospitali, na huo ndio ulikuwa ufundi wake. Alisema mwili unachoka na kemikali. Alisema asili haina madhara. Alisema kuna mama mahali fulani, hakumtaja jina, madaktari walikata tamaa, na sasa analima. Kisha, sisi tukiwa tumeshazima, alimpigia mmoja mmoja pembeni.

Minza aliuza mtamba wake akanunua unga ule. Vidonge vyake vya kila siku aliviweka juu ya kabati, na siku ya kliniki ilipofika hakupanda basi. Hatukujua. Alionekana kwenye kichuguu kila asubuhi, anatabasamu, mti wa ufagio mkononi. Kisha akaanza kukaa. Alifanya mazoezi ameketi, mkono mmoja, halafu nusu ya mkono.

"Minza! Uzembe huo!" Mwalimu alimkemea mbele yetu sote. "Simama!"

Minza akasimama. Niliona uso wake wakati anasimama. "Ni mgongo, Mwalimu," alisema.

"Mgongo wa nini katika umri wako? Mkono juu!"

Akaunyanyua. Baada ya hapo hatukumwona tena kwenye kioo.

Mimi na Mwalimu tulipanda bodaboda hadi Zagayu. Vumbi lilitufunika tukawa watu wa rangi moja. Tulimkuta Minza amelala ubavu, mama yake ameketi miguuni pake anamkanda nyayo. Makopo ya kijani yalikuwa yamepangwa dirishani, mengi, na moja limepandwa ua. Mwalimu aliyatazama kwa muda mrefu.

"Vidonge vyako viko wapi?"

Minza alionyesha kabati kwa macho. "Mshauri alisema vinachosha ini, Mwalimu. Alisema nipumzishe mwili kwanza." Kisha akasema, kwa adabu yake ile ile, kama mwanafunzi anayeeleza kwa nini amechelewa, "Nilijua ni mtu wako."

Sijawahi kuona mtu akipigwa vile na asianguke. Mwalimu alitoka nje, akazunguka nyumba, akarudi amekwishapiga simu kutafuta gari. Tulimpeleka Minza Mwanza. Huko wakatuambia ugonjwa umeingia kwenye mifupa, wangemtuliza maumivu. Wauguzi walimhudumia vizuri. Alikufa kabla pamba haijavunwa.

Msibani kule Zagayu, mchungaji alipomaliza kusema kwamba Mungu ametoa na Mungu ametwaa, Mwalimu alisimama bila kupewa nafasi. Wanaume walitazamana. Alisema, "Mungu tumwache kwanza. Minza aliacha dawa kwa sababu aliambiwa na mwuza unga. Mwuza unga huyo nilimwingiza mimi kwenye simu ya huyu mtoto. Aliponiambia mgongo unamuuma, nilimwita mzembe. Nimesema ili mjue, na anayetaka kuniuliza, niko hapa."

Watu waliinamisha vichwa kwa aibu, aibu ya kusikia jambo lililonyooka mahali ambapo tumezoea mafumbo. Mama yake Minza aliinuka kwenye mkeka wake, akajifunga kitenge vizuri, akapita mbele ya Mwalimu bila kumtazama, akaingia ndani.

Tuliporudi Bariadi Mwalimu alianza kuzunguka ofisi, na mimi nilifuatana naye nilipopata nafasi. Ofisi moja ilisema unga ule umeandikishwa kama chakula, haukuandikishwa kama dawa, kwa hiyo swali liende kwingine. Kwingine kukasema alete ushahidi kwamba marehemu alishawishiwa. "Marehemu ndiye ushahidi," Mwalimu alisema. Kijana wa mezani alimjibu kwa heshima kwamba marehemu hawezi kuhojiwa. Nakumbuka heshima ile. Kila mahali tulijibiwa kwa heshima, tukapewa viti, na tukatoka kama tulivyoingia.

Kisha mshauri akafanya semina yake kwenye ukumbi wa hoteli mjini. Mwalimu alikwenda. Nilikwenda naye. Ukumbi ulijaa watu wa kila aina, wagonjwa, watoto wa wagonjwa, vijana wanaotafuta ajira ya kuuza. Mwalimu alipita katikati, akaenda hadi mbele. Alipomwona, mshauri alifungua mikono.

"Shikamoo Mwalimu!" alisema kwenye kipaza sauti. "Ndugu zangu, huyu mama ndiye aliyenifundisha. Tumpigie makofi!"

Wakapiga makofi. Ukumbi mzima. Mwalimu alisimama pale, sweta limefungwa hadi shingoni, akasubiri yaishe.

"Minza amekufa," alisema.

"Pole sana, Mwalimu. Nilisikia. Tunamwombea."

"Alikunywa unga wako akaacha vidonge vyake."

"Mwalimu wangu, mimi sijawahi kumwambia mtu yeyote aache dawa za hospitali. Yupo aliyesikia nikisema hivyo?" Akaugeukia ukumbi.

"Uliyemwambia tumemzika."

Hapo sauti yake ilishuka, ikawa laini zaidi. "Mwalimu, mimi ni mfanyabiashara. Nina leseni. Dunia ya sasa ni ya soko huria, mtu mzima anachagua mwenyewe. Sikumshika mtu mkono."

Vijana wake, waliovaa fulana zenye nembo ya unga, walikuja wakamshika Mwalimu kiwiko, kwa heshima pia, wakasema mama twende nje ukanywe maji. Walimkalisha barazani, wakampa chupa ya maji yenye picha ya yule mtu. Alimrudishia kijana chupa mkononi. Ndani tulisikia makofi mengine.

"Wanampigia nani?" aliniuliza.

Hadi leo nikipita mbele ya ukumbi ule damu inanichemka. Mshauri hakufanywa kitu. Amejenga. Picha yake iko kwenye bango kubwa njia ya kwenda Lamadi.

Dakika zake za lishe Mwalimu alikuwa amezifuta tangu Zagayu; siku iliyofuata semina alimtoa kabisa mshauri kwenye kundi, akaandika mstari mmoja: hapa hakuna wa kuuza kitu, hata kama nimemfundisha mimi. Bando zikaisha, wengine wakapotea kwa siku kadhaa, kisha wakarudi mmoja mmoja. Tukaendelea. Lakini sauti yake ilikuwa imebadilika. Alituuliza kila mmoja, kabla ya kuanza, nini kinauma, na alisubiri jibu. Mtu akisema kiuno, mtu akisema goti, mazoezi yalisimama hadi aahidi siku ya kwenda kuonwa. Kabula alisema siku hizi Mwalimu amekuwa mpole. Hakuwa mpole hata kidogo. Alikuwa amewaka ndani, na alikuwa anaukaba moto usitoke kwa mtu asiyehusika. Zagayu hakuitaja tena.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia ni asubuhi moja stendi ya mabasi ya Bariadi. Nilikuwa nimekwenda kupokea vitambaa vyangu kutoka Mwanza. Nikamsikia kabla ya kumwona. Alikuwa anagombana na konda juu ya siti za mbele, konda anasema zina wenyewe, Mwalimu anamwambia wenyewe ndio sisi, mgonjwa hawezi kukaa nyuma ambako basi linaruka. Pembeni yake, ameshika mfuko wa rambo na kitenge cha kubadilisha, alisimama mama yake Minza.

Nilisahau vitambaa. Nikainama kumsalimia.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka." Alinitazama, akanikumbuka. "Wewe ndiye ulikuja na huyu."

"Ndiyo, mayu. Mnakwenda wapi?"

Aliweka kiganja juu ya titi lake la kulia, juu ya nguo, akakiacha pale. "Nilikuwa nalo hili donge tangu kabla ya msiba. Nililificha. Mtoto alikuwa anaumwa, ningesema saa ngapi?" Kiswahili chake kilikuwa cha shida, alikichanganya na Kisukuma, lakini kila neno lilisimama. "Baadaye walikuja watu wengi. Kuna wa mizizi, kuna wa maombi, kuna wa makopo. Wote wanasema vizuri. Huyu peke yake alisimama mbele ya watu akasema amekosa. Nikamtafuta."

Nadhani nilitabasamu, maana alinikatiza haraka.

"Sijamsamehe," alisema. "Usidhani. Nimemwambia sijamsamehe. Nimemwambia anipeleke."

Mwalimu aligeuka. Alikuwa amesikia yote. Uso wake haukubadilika. "Panda," alimwambia, "konda ameelewa." Kisha akaniambia mimi niache kusimama stendi kama nguzo, wanawake wanasubiri kwenye simu, leo niwasimamie mimi. Nikamwambia sijawahi. Akasema wala Minza hakuwa amewahi kupanda kichuguu. Ilikuwa mara ya kwanza nimsikie akilitamka jina lile tangu semina, na alilitamka kama mtu anayekanyaga kwenye maji asiyoyajua kina.

Walikaa siti za mbele, mama yake Minza dirishani. Basi lilipowashwa niliwaona wameanza kubishana. Mwalimu alitaka kioo kifungwe, vumbi la njia ile si la kuingia kifuani kwa mgonjwa. Mama alitaka upepo. Mwalimu alinyoosha mkono wake wa kushoto, ule ule wa upande uliokatwa, akasukuma kioo. Mama akaushika mkono ule, akauondoa, akaurudisha mapajani kwa mwenyewe, akafungua kioo hadi mwisho.

Nilingoja Mwalimu apaze sauti. Stendi nzima ingemsikia. Hakupaza. Alikaa, mikono mapajani, akatazama mbele, na basi likatoka kuelekea Mwanza na dirisha lake wazi.